Kutoka kwenye Kiitikio

Anayetaka kumsifu Lady Jaydee kwa haraka husema alikuwa mwanamke wa kwanza kuimba R&B kwa Kiswahili. Sifa hiyo imerudiwa magazetini na redioni kwa zaidi ya miaka 20 mpaka imekuwa kama sehemu ya jina lake. Sina ugomvi nayo, ila naiona nyepesi. Hakuna daftari lililoandika ni binti gani alisimama kwenye harusi ya Temeke au ukumbi wa Arusha katikati ya miaka ya 1990 akaimba Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani, kwa hiyo utangulizi wa namna hiyo haupimiki. Na hata ungepimika, usingetuambia lolote juu ya nyimbo zenyewe. Mtu anaweza kuwahi kufika mahali na asifanye la maana akiwa hapo. Ninalotaka kulitetea katika sura hii ni dai jingine, zito kidogo kuliko hilo: kwamba Judith Wambura Mbibo, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1979, aliitoa sauti ya mwanamke kwenye kiitikio cha wimbo wa kisasa wa Tanzania akaiweka kwenye ubeti, kisha akakaa hapo muda mrefu kiasi kwamba waliomfuata walikuta mlango uko wazi.

Ili dai hili lieleweke, lazima turudi kwenye hali aliyoikuta. Serikali iliruhusu utangazaji binafsi kwa sheria ya mwaka 1993, na mwaka uliofuata Radio One ikawa hewani. Ghafla kijana wa mjini alikuwa na mahali pa kusikiliza muziki wa kizazi chake bila kusubiri huruma ya Radio Tanzania. Muziki uliojaza nafasi hiyo kwanza ulikuwa rap. Saleh Jabri alikwisha kuonyesha kwamba mistari ya Kiingereza inaweza kugeuzwa Kiswahili; Kwanza Unit na Hard Blasters wakaja na yao; Joseph Mbilinyi, tuliyemjua kama Mr. II na sasa Sugu, akathibitisha kwamba mtu anaweza kutunga kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho na kanda zake zikauzika. Wimbo wa rap wa miaka hiyo ulikuwa na umbo moja linalojirudia. Mwanamume anachana mistari: anaeleza maisha ya mtaani, anawasema wanasiasa, anajigamba, anahukumu. Mistari yake ikiisha, anaingia mwanamke, anaimba maneno yale yale mafupi yenye utamu, mara nne au tano kwa wimbo, halafu anatoka. Mwanamume anafikiri, mwanamke anapamba. Hakuna aliyekaa akalipanga jambo hilo, na ndiyo maana lilikuwa gumu kuliona.

Lady Jaydee aliingia kwa mlango huo huo. Alikuwa mtangazaji wa Clouds FM kabla hajajulikana kama mwimbaji, na kati ya kazi zilizomtambulisha ni wimbo wa Professor Jay, Bongo Dar es Salaam, uliomo katika albamu Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001. Ndani yake mwanamume ndiye anayetusimulia jiji na vituko vyake, sauti ya Jaydee ikipita kati ya masimulizi hayo. Ni kazi nzuri, na hata leo wimbo ukipigwa wasikilizaji wengi huimba sehemu yake kuliko mistari ya Jay. Lakini simulizi si yake. Angekuwa mwimbaji wa tabia nyingine, angeishia hapo akiwa na riziki ya kutosha, maana studio zote za Dar es Salaam wakati ule zilihitaji sauti za kike za kuazima.

Tofauti ya ubeti na kiitikio si hoja ya kitaaluma tu. Angalia walikofika wale waliokuwa na mistari. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya Mjini, akakaa miaka 10. Professor Jay akapata jimbo la Mikumi mwaka 2015. Mwana FA, ambaye naye alimshirikisha Jaydee katika Hawajui, akawa mbunge wa Muheza na baadaye naibu waziri. Wapigakura walikuwa wamewazoea kama watu wanaosema jambo, na kura zikafuata mazoea hayo. Vicky Kamata, aliyeimba Wanawake na Maendeleo, naye alifika bungeni, lakini kwa viti maalumu. Sidai kwamba wimbo ndio unaomfanya mtu mbunge. Nadai kwamba anayepewa ubeti huzoeleka kuwa mtu mwenye hoja, na anayepewa kiitikio huzoeleka kuwa mtu mwenye sauti nzuri.

Mtu wa Ipyana, hapa Kyela, anaweza kuuliza, na ana haki, hayo ya studio za Dar es Salaam yanamhusu nini yeye aliye huku bondeni, mwisho wa barabara inayoteremka kutoka Mbeya kupitia Tukuyu, kwenye mpunga na kakao, Ziwa Nyasa likiwa jirani na Malawi ng'ambo ya mto Songwe. Jibu langu ni kwamba huku umbali unasaidia kuona. Mgawanyo wa sauti ninaoueleza haukuzaliwa na rap, rap iliukuta. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya mazishi ya enzi zile, na katika maelezo yao kazi zimegawanyika kwa namna ambayo mzee yeyote wa Kyela ataitambua. Kilio ni cha wanawake. Wao ndio wanaomzunguka maiti na kulia kwa sauti saa baada ya saa, wakimtaja marehemu. Ngoma ya uwanjani, ing'oma yenye mikuki na mikimbio, ni ya wanaume na vijana, na wanawake wakiingia humo hupita kati ya wachezaji wakipiga vigelegele. Sauti ya mwanamke ina nguvu kubwa katika shughuli hiyo, bila yeye msiba haujawa msiba, lakini ni nguvu ya kuitikia tukio. Anayecheza vita na kutangaza ushujaa ni mwingine.

Wamoravian walipofungua kituo Ipyana mwaka 1894, miaka mitatu baada ya kile cha Rungwe, walileta mpangilio mwingine wa sauti. Kwaya ya sauti nne ilimpa mwanamke sauti ya kwanza na ya pili, na sauti ya kwanza ndiyo inayobeba tuni. Huo ulikuwa mgeuko mkubwa kuliko tunavyoukumbuka, kwa sababu kwa mara ya kwanza sauti ya mwanamke ilikuwa juu ya wimbo wote, mbele ya wanaume, katika shughuli isiyo msiba. Hata hivyo mwenye kuinua mkono na kuanzisha wimbo alikuwa mwalimu wa kwaya, na maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa kitabuni. Mwanamke alibeba tuni bila kubeba neno lake mwenyewe. Ukishuka upande wa mashariki wa ziwa, kwa Wanyasa, utakuta mfano wa tatu. Wanaume walichukua gwaride na matarumbeta ya askari wa kikoloni wakatengeneza mganda; wanawake wakawa na kioda yao. Hapo mwanamke ana ngoma yake, anatunga, anasema watu, anacheka viongozi. Lakini ni ngoma ya wanawake kwa wanawake, iliyotengwa na ile inayohesabiwa kuwa ya mashindano makubwa. Nimeitaja mifano hii mitatu kwa sababu inaonyesha kwamba mwanamke wa ukanda huu hakuwahi kukosa sauti. Alichokosa ni nafasi ya kusema "mimi" mbele ya wote, kwa maneno aliyoyachagua, akiwa peke yake.

R&B ilikuwa na nafasi hiyo tayari, na si kwa bahati. Jina lenyewe la rhythm and blues lilianza kutumika rasmi mwaka 1949, pale jarida la Billboard lilipoacha kuuita muziki wa Wamarekani weusi "sahani za rangi" na kukubali pendekezo la mwandishi wake, Jerry Wexler. Kilichokuwa ndani ya jina hilo ni mchanganyiko wa blues na wimbo wa kanisani. Blues ilikuwa imeshawapa wanawake wa miaka ya 1920 ruhusa ya kulalamika hadharani juu ya mume, pombe na kodi ya nyumba. Kanisa likawapa nguvu ya mapafu. Mwanamke aliyeonyesha kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuuza sahani kwa wingi alikuwa Ruth Brown wa Virginia. Wimbo wake Teardrops from My Eyes wa mwaka 1950 ulikaa namba moja kwenye chati ya R&B kwa wiki 11, na kampuni changa ya Atlantic ikapanda sana kwa mgongo wake hata ikaitwa nyumba aliyoijenga Ruth. Machozi, basi, ndiyo yaliyomfikisha kileleni. Nusu karne baadaye Lady Jaydee alitoa albamu yake ya kwanza na kuiita Machozi. Sidhani kama alikuwa akimfikiria Ruth Brown. Wanawake wawili, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba kilio ambacho jamii imeshawakabidhi kinaweza kugeuzwa kuwa mahali pa kuanzia kusema.

Hapo ndipo Machozi inapokuwa albamu muhimu kuliko sifa ya utangulizi. Kilio cha msibani kinamlilia mwingine. Katika Machozi anayelia ni yule yule anayesimulia, na anachokilia ni chake: anataja alichotendewa, anapima kosa ni la nani, anaamua. Lawama inatoka kinywani mwa aliyeumizwa ikiwa imepangwa, yenye mwanzo na mwisho. Ukisikiliza albamu zilizofuata, Binti ya mwaka 2003, Moto ya 2005 na Shukrani ya 2007, unaona msimamo huo ukipanuka kutoka kwenye maumivu hadi kwenye kejeli na ushauri. Siku Hazigandi ni wimbo wa mtu anayewaza juu ya wakati na mabadiliko ya hali ya binadamu, jambo ambalo katika muziki wa miaka ile lilikuwa shamba la wanaume wenye mistari. Wanaume Kama Mabinti unawageuzia kibao wanaume na kuwasema kwa ukali ambao kwenye taarab ungekuwa wa kawaida, lakini kwenye bongo fleva ulikuwa mpya. (Nina shaka na kichwa cha wimbo huo. Kumtukana mwanamume kwa kumwita binti ni kulikubali tusi lenyewe, na mwimbaji aliyeipa albamu nzima jina la Binti angeweza kutafuta silaha nyingine.)

Namna anavyoimba nayo ni sehemu ya hoja. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu huvutika. Mwimbaji aliyelelewa na kanda za Whitney Houston na Mariah Carey anapokutana na lugha ya namna hii hupata kishawishi kikubwa: kila mwisho wa neno unamwita auvute, aupandishe, auzungushe. Waimbaji wengi wa R&B ya Kiswahili, wa kike na wa kiume, walianguka hapo; maneno yao yanapotea ndani ya mapambo na mkazo wa lugha unahamia mahali ambapo hakuna mtu anayezungumza hivyo. Jaydee anafanya kinyume. Anakaa kwenye sauti ya katikati, anaacha mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama unavyokaa kwenye mazungumzo, na mwisho wa neno anauachia mapema, wakati mwingine nyuma kidogo ya mdundo, kama mtu anayezungumza akiwa amechoka kidogo na maelezo yako. Matokeo yake unamsikia anachosema mara ya kwanza. Kwa mwimbaji aliyekuwa akidai nafasi ya ubeti, hilo lilikuwa la lazima. Ubeti usiosikika maneno yake unarudi kuwa kiitikio.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni lile la kale: kwamba huu ni muziki wa kuiga, na mwanamke aliyejipatia sauti kwa kuvaa nguo ya Mmarekani hajajipatia chochote. Pingamizi hili huja zaidi kutoka kwa watu wa umri mkubwa, na halistahili dharau. Lakini tukilikubali, tulikubali mpaka mwisho. Matarumbeta ya Wamoravian yana asili ya Ujerumani. Mganda uliiga gwaride la askari wa wakoloni. Dansi ilikuja na sahani za Kuba. Taarab ilipita Misri kabla ya kufika Unguja. Kuiga ni hatua ya kwanza katika muziki wote tunaouita wetu, na swali la haki ni kile kilichofanywa baada ya kuiga. Ndi Ndi Ndi ya mwaka 2016 haina tena sababu ya kuitwa R&B kwa kipimo cha Marekani, na hiyo ndiyo hatima ya kawaida ya muziki uliokaa ugenini miaka 15. Wapo wanaosema kwamba kwa kufanya hivyo aliuacha muziki wake. Naona aliacha aina ya mdundo na kubaki na nafasi aliyoipata ndani yake, na nafasi ndiyo iliyokuwa na thamani.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linanilazimisha kupunguza dai langu. Siti binti Saad wa Fumba alikuwa na ubeti. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani kwa Kiswahili akiwa na wapigaji wanaume waliomzunguka yeye, na wimbo wake juu ya kesi ya mauaji, unaojulikana kama Kijiti, unahukumu mahakama waziwazi. Mwandishi Shaaban Robert aliona maisha ya Siti yanastahili kitabu kizima. Baada ya Siti akaja Bi Kidude, akaimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki mwaka 2013. Bara nako, bendi za dansi za miaka ya 1980 zilikuwa na wanawake waliosimama mbele ya kipaza sauti: Kida Waziri wa Vijana Jazz, na Tabia Mwanjelwa wa Maquis, ambaye jina lake la jukwaani linamkumbusha kila mtu wa mkoa wetu soko la Mbeya. Kwa hiyo siwezi kusema Jaydee alivumbua mwanamke mwenye ubeti. Ninachoweza kusema ni kwamba nafasi hiyo ilikuwa imepotea. Katika dansi wanawake hao walikuwa wachache na waajiriwa. Bendi ilikuwa ya wanaume, nyimbo nyingi zilitungwa na wanaume hata zilipokuwa na sauti ya mke anayelalamika, na wanawake wengi zaidi waliajiriwa kunengua. Taarab ilibaki na mabingwa wake wa kike, lakini ilikuwa na kumbi zake na hadhira yake. Rap ilipokuja na kuwa lugha ya vijana wote, ilianza upya bila kumbukumbu ya Siti, na mwanamke akarudishwa nyuma ya mstari. Jaydee aliirudisha nafasi iliyopotea, ndani ya muziki ambao kijana wa kiume naye aliusikiliza bila kuona haya. Kazi ya kurudisha haina mvuto wa kuvumbua, lakini huenda ni ngumu zaidi, kwa sababu waliochukua mahali pako wameshazoea.

Hakuwa peke yake. Ray C alitoa Mapenzi Yangu mwaka 2003 na kwa muda aligawana naye hadhira. Stara Thomas na K-Lynn walikuwepo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, Juliana Kanyomozi alikuwa akifanya kazi inayofanana. Ukilinganisha nyimbo mojamoja, unaweza kuwapendelea wenzake na nisibishane nawe. Kilichomtofautisha ni kwamba alijenga kitu kuzunguka nyimbo. Nitarudi hapo.

Kuna pingamizi la tatu ambalo sijalisikia likitolewa Dar es Salaam, lakini huku Ipyana linajileta lenyewe. Mtu anaweza kusema kwamba aliyemtoa mwanamke wa Tanzania kwenye kwaya na kumsimamisha peke yake ni muziki wa injili. Miaka ile ile ya mwanzoni mwa 2000, Rose Muhando na Bahati Bukuku walitoka kwenye uimbaji wa kikundi wakawa majina yanayosimama yenyewe, na kwa ukubwa wa hadhira vijijini hakuna msanii wa R&B aliyewakaribia. Ukipita Kyela siku ya soko, spika zinazopiga injili ni nyingi. Je, nisiwape wao sifa hii? Nawapa sehemu yake kubwa. Waliizoesha nchi kumwona mwanamke akibeba wimbo wa dakika saba bila mwanamume kumwongoza, na huenda bila wao msikilizaji wa mikoani asingemvumilia Jaydee. Lakini mwimbaji wa injili husema akiwa amesimama juu ya Neno. Ukali wake, hata anapowakemea wachungaji na waume, una mdhamini, na anayempinga anajua anapingana na nani. Mwanamke anayesema katika Machozi au Yahaya hana mdhamini. Yahaya, wa albamu ya mwaka 2013, ni kejeli juu ya mwanamume mwenye mbwembwe ambaye hata anapoishi hapajulikani, na mamlaka pekee ya mwimbaji ni kwamba ameona na ana akili ya kuunganisha alichoona. Hicho ndicho wanaume wa rap walichokuwa wamejipa bila kuomba. Kwa kipimo changu, sauti isiyo na mdhamini imesafiri mbali zaidi, ingawa imesikika na watu wachache zaidi.

Sasa kile alichokijenga. Sauti peke yake haimlindi mwenye sauti, na hapa Ruth Brown ni onyo zaidi kuliko kielelezo. Mwanamke aliyeibeba Atlantic katika miaka ya 1950 alifanya kazi za ndani na kuendesha basi la shule ili kulea watoto, wakati sahani zake zikiendelea kuuzwa. Ilimchukua miaka ya kupambana kupitia wanasheria hadi mwaka 1988, ndipo kampuni ilipokubali kulipa mirabaha ya nyuma na kusaidia kuanzishwa kwa mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wakongwe wa R&B. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, na COSOTA ikazaliwa kutokana nayo, karibu wakati ule ule Jaydee alipoanza kurekodi. Lakini sheria ilikuwa kitabuni na biashara ilikuwa Kariakoo. Msanii alimkabidhi msambazaji kanda kuu, akalipwa fedha ya mkupuo au asilimia ambayo hakuwa na njia ya kuihakiki, halafu nakala za wizi zikatangulia kufika mikoani. Redio ilipiga wimbo bila kulipa, na ilihesabika kwamba inakufanyia hisani. Katika mfumo huo msanii aliyetegemea wimbo mmoja mmoja alikuwa mkononi mwa watu wawili, mwenye duka na mwenye redio.

Jibu la Jaydee lilikuwa la kizamani kwa namna ya kushangaza: alianzisha bendi. Wakati wenzake wa bongo fleva wakipanda jukwaani na sidii na kuigiza kuimba juu yake, yeye alikuwa na Machozi Band, wapigaji wa vyombo wanaopiga moja kwa moja kwenye kumbi, wiki hata wiki, kama zilivyofanya bendi za dansi. Baadaye akawa na mgahawa wake Dar es Salaam, Nyumbani Lounge, ambako angeweza kuimba bila kuomba ukumbi kwa mtu. Wakosoaji walisema biashara inamwondoa kwenye sanaa. Naona waliisoma vibaya. Kiingilio cha mlangoni hakina msambazaji. Kinalipwa usiku ule ule, mbele ya macho yako. Na bendi ilibadilisha hata uhusiano niliouanza nao, kwa sababu jukwaani pale wanaume walikuwa waitikiaji na wapigaji, na aliyewalipa alikuwa mwimbaji. Kida Waziri hakuwahi kuwa na Vijana Jazz yake.

Thamani ya mpango huo ilipimwa mwaka 2013, mgogoro wake na wakubwa wa kituo cha redio ulipotoka kwenye minong'ono ukaingia mahakamani. Tusiingie katika haki na makosa ya kila upande. Yalisemwa mengi, na si yote yalistahili kusemwa. Jambo linalonihusu ni la kiufundi. Msanii wa kizazi chake aliyekosana na redio kubwa kwa kawaida alikuwa amekwisha. Yeye mwaka huo huo alitoa albamu, Nothing But the Truth, akajaza watu kwenye onyesho la kuadhimisha miaka yake 13 katika muziki, na miaka minne baadaye akatoa nyingine, Woman. Alikuwa na mahali pa kuimba, watu wa kumpigia, na wasikilizaji waliomfuata yeye badala ya masafa.

Miongoni mwa nyimbo za mwaka huo wa mgogoro ulikuwepo Joto Hasira. Professor Jay yumo. Anakuja na mistari yake, anaisema vizuri kama kawaida yake, kisha anaondoka na kumwachia mwenyeji aendelee na hoja. Wapenzi wa muziki walipozungumza juu ya wimbo huo mwaka ule, walizungumza zaidi juu ya hasira ya nani inaelekezwa kwa nani. Wachache waliangalia mpangilio wa majina. Mwaka 2001 kwenye kanda iliandikwa Professor Jay akimshirikisha Lady Jaydee. Safari hii Lady Jaydee ndiye aliyemshirikisha Professor Jay.